Ukishavua Magwanda: Jinsi ya Kuchagua Kazi ya Uraiani Tabora na Kigoma

Kila mwaka napigiwa simu mbili tatu na vijana niliokuwa nao kikosini. Salamu ikishapita, swali ni lile lile: "Afande, barua yangu imetoka. Sasa huku mtaani nifanye kazi gani?" Anayeuliza ana miaka arobaini na kitu, watoto wawili wako sekondari, kiinua mgongo kiko njiani. Wengine wameshaamua kabla hata ya kunipigia: Hiace, mashine ya kusaga, duka la vifaa vya ujenzi, eka kumi za tumbaku.

Mimi nilitoka nikiwa sajenti, fundi wa magari, nikarudi nyumbani Tabora, mtaa wa Isevya. Kazi yangu ya kwanza uraiani niliichagua vibaya, na nitaeleza hapa chini ilivyonigharimu. Ninachowaambia wale vijana ndicho ninachokuandikia wewe: kazi ya uraiani usiichague kwa cheo ulichovaa wala kwa fedha uliyoshika. Ichague kwa kile mikono yako ilichofanya kila siku kwa miaka yote ile, kisha ijaribu kabla hujagusa kiinua mgongo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi ukiwa bado ndani

Anza mwaka mzima kabla ya tarehe yako. Leo karani wa kikosi yuko hatua kumi kutoka ulipo. Ukishatoka, cheti kimoja kilichopotea kitakudai nauli, malazi na siku za kusubiri kwenye benchi.

Tafuta vyeti vya kozi zote ulizosoma, hata ile ya wiki tatu uliyoiona ya kupoteza muda. Hifadhi barua zinazoonyesha ulihudumu kitengo gani na kwa muda gani, na ukimaliza, cheti cha kumaliza utumishi. Kama ulikwenda ulinzi wa amani, Darfur, Lebanon au Kongo, vyeti vya huko viweke mahali pazuri, kwa sababu mashirika ya kimataifa yanavielewa haraka kuliko vyeti vyetu vya ndani.

Halafu linganisha jina lako kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, kumbukumbu za jeshi na akaunti ya benki. Ukikuta "Saidi" huku na "Said" kule, au jina la babu limerukwa, shughulikia sasa kwa hati ya kiapo. Nimeona mtu akikaa miezi bila mafao yake kwa herufi moja.

Usiondoke na nyaraka za siri wala picha zake. Kwenye wasifu wako usiandike idadi ya silaha, mpangilio wa kikosi wala kazi za operesheni. Mwajiri hahitaji hayo, na wewe bado unafungwa na kiapo. Magwanda nayo yarudishe yote: raia akivaa sare ya jeshi ni kosa, na kustaafu hakukupi ruhusa.

Hatua ya 2: Andika kazi, usiandike cheo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndipo ninapoomba ukae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Chukua daftari. Juu ya ukurasa usiandike "Koplo" wala "Stafu Sajenti". Andika ulichokuwa ukifanya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni siku ya kawaida. Mwenye duka la spea pale Kanyenye hajui stafu sajenti ni nani, lakini anajua mtu anayeweza kuhesabu stoo bila kupoteza boliti moja.

Kama ulikuwa kamanda wa seksheni, andika: nimesimamia watu kumi, nimepanga zamu zao, nimeandika taarifa za kila siku, nimesuluhisha ugomvi wao. Kama ulikuwa stoo: nimepokea, nimekagua na kutoa vifaa kwa kumbukumbu ya maandishi, na stoo yangu imekaguliwa mara ngapi bila upungufu. Mpishi wa mesi asiandike "mpishi" peke yake. Aandike kwamba amelisha watu mia tatu kwa saa iliyopangwa, akapiga hesabu ya mchele na maharage ya mwezi. Mji wa Tabora una shule kubwa za bweni, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Milambo na nyingine, na kambi za ujenzi zinakuja na kuondoka. Mtu anayejua kulisha watu wengi kwa wakati ni adimu kuliko unavyodhani.

Ukimaliza, msomee dada yako au mama mkwe, mtu ambaye hajawahi kukanyaga kambini. Sentensi asiyoielewa, ifute uandike upya. Afande mmoja alinisomea "nilikuwa kwenye mhandisi medani". Tulipoichimbua tukakuta amejenga madaraja ya muda, ameendesha greda, na amewahi kusimamia ujenzi wa kisima. Hizo ni kazi tatu za uraiani, na zote zilikuwa zimefichwa ndani ya maneno mawili.

Ukurasa unaofuata ni mgumu zaidi. Andika yale ambayo mwili wako hautaki tena. Goti, mgongo, masikio yaliyochoshwa na milio, usingizi wa usiku uliokatika. Sema ukweli mbele ya mkeo au mumeo, maana ndiye anayekusikia ukiamka saa nane usiku. Mtu mwenye mgongo mbovu akichagua lori la masafa ya Tabora hadi Dar es Salaam kwa sababu tu anajua kuendesha, atarudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 3: Jua pengo lako ni shilingi ngapi

Watu husema wanatafuta "biashara nzuri" bila kujua inatakiwa ilete kiasi gani. Kaa na mwenzako mwandike matumizi ya kweli ya mwezi: chakula, kodi, ada ukiigawa kwa mwezi, maji, umeme, wazazi kijijini, michango.

Nitumie mfano wa kubuni. Familia inatumia shilingi 700,000 kwa mwezi, na pensheni italeta 350,000. Pengo ni 350,000. Basi kazi unayoitafuta ni ya kujaza shilingi 350,000 kila mwezi bila kukosa, na si ya kukutajirisha kwa msimu mmoja. Ukiitazama hivyo, kazi nyingi ulizozidharau zinaanza kuonekana, na nyingi zilizokuvutia zinajiondoa zenyewe.

Tenga pengo la miezi sita, kwa mfano huu shilingi 2,100,000, kwenye akaunti ya kawaida. Kilichobaki cha kiinua mgongo kiweke mbali na mikono yako: akaunti ya muda maalumu, vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, au hati fungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka na unaweza kuanza na shilingi milioni moja. Kama uliishi nyumba za kambini na huna kwako, paa litangulie biashara. Hapo simwachii mtu nafasi ya kubishana nami: biashara ikiyumba ukiwa kwenye nyumba yako utalala na kuamka ukajipanga, lakini ukiwa kwenye ya kupanga utaanza kuuza vitu vya ndani.

Simu zitapigwa. Mtu atajitambulisha kuwa anatoka Hazina au makao makuu, atakutajia jina lako kamili na namba yako ya jeshi, atasema faili lako limekwama na linahitaji "kulainishwa". Kata simu. Ofisi ya serikali haikuombi utume pesa kwa simu ili ikulipe haki yako. Na ukiwa na shida kabla mafao hayajatoka, bora ukakope mchele kwa shemeji kuliko kukimbilia mikopo ya kausha damu.

Hatua ya 4: Soma mkoa wako kama ulivyosoma ramani

Sasa nieleze kosa langu. Nilirudi Tabora nikakuta kila mtu anazungumza tumbaku. Nikachukua eka nne upande wa Urambo kwa ndugu za mke wangu. Injini nilikuwa naijua. Tumbaku nilikuwa naiona juu ya malori tu. Mwenye kuijua anaandaa vitalu mapema ili miche iwe tayari mvua za Novemba zikianza. Mimi nilifika na mvua. Msimu wa pili nikajitahidi, jani likatoka zuri, kisha bani la kukaushia likaungua usiku, na kijana niliyemwachia moto alikuwa amelala kwa uchovu. Simlaumu. Pembejeo zilikuwa za mkopo wa kikundi, na kwenye kikundi asiyelipa hubebwa na wenzake. Sikuweza kuwaangalia majirani wakinibebea deni, nikalipa kwa kiinua mgongo. Wakati huo wote, malori ya kubeba marobota yalikuwa yanaharibika barabarani, na fundi aliyekuwa akiitwa kuyatengeneza alikuwa anatoka mbali.

Kwa hiyo usitazame zao au mradi unaotajwa na kila mtu. Tazama kinachouzunguka, utafute pale ambapo mikono yako inahitajika.

Reli ni mfano mzuri. Ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Ya kisasa inapita hapa hapa, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa mwaka 2022. Ujenzi unahitaji madereva wa mitambo, mafundi, watunza stoo, wasimamizi wa usalama kazini. Lakini uliza mkataba ni wa miezi mingapi, na jipange kana kwamba utakwisha kabla ya tarehe. Anayetaka kubaki kwenye reli baada ya mkandarasi kuondoka akatazame kozi za Chuo cha Reli, kipo Tabora mjini.

Tumbaku yenyewe inahitaji ghala kuliko inavyohitaji mkulima mgeni. Vyama vya msingi, AMCOS, vya Urambo, Kaliua na Sikonge vina maghala, mizani, vitabu vya kupokelea na migogoro ya kila msimu kuhusu kilichoingia na kilichotoka. Mtu aliyetunza stoo ya jeshi kwa miaka kumi bila upungufu ana sifa ambayo wanachama wanaililia. Nenda uzungumze na mwenyekiti wa chama miezi miwili kabla ya masoko kufunguliwa.

Nyuki ndiyo kazi ninayoipenda zaidi kwa mtu aliyezoea pori, ukimya na kulala macho. Miombo ya Sikonge inatoa asali inayojulikana nchi nzima, na Tabora ina chuo chake cha ufugaji nyuki. Anza na mizinga kumi ya mbao, ukishapata ruhusa kama ni msitu wa hifadhi, na uachane na ile ya magome kwa sababu mti uliochunwa gome unakufa. Asali nunua na uuze kwa kilo: ndoo ya lita 20 ikijaa asali iliyoiva ina karibu kilo 28, na anayekulipa bei ya kilo 20 anakuibia mchana. Ila nyuki hawajazi pengo mwezi wa kwanza. Waweke pembeni ya kazi nyingine.

Ukiwa Kigoma hesabu zinabadilika. Mchikichi, hata huo wa mbegu bora kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, utakungojesha miaka mitatu hadi minne kabla ya kuvuna, kwa hiyo hauwezi kuwa mkate wa mwaka huu. Kukamua mawese ya wenye mashamba unaweza kuanza sasa. Waone SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu mashine. Ziwani, tangu 2024 uvuvi umekuwa ukisimamishwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Anayenunua mtumbwi bila kuhesabu miezi hiyo mitatu ataumia. Lakini injini za boti pale Kibirizi na Katonga zinahitaji matengenezo mwaka mzima, na miezi ya kufungwa ndiyo wenye boti wanapata nafasi ya kuzileta. Fundi wa karakana za jeshi aliyeko Kigoma asitafute mbali.

Kazi kwenye kambi za wakimbizi za Kasulu na Kibondo zimewalea wengi wetu, hasa waliokuwa na vyeti vya ulinzi wa amani. Nyarugusu ipo tangu 1996. Hata hivyo wakimbizi wa Burundi wamekuwa wakirejeshwa kwao, hivyo mkataba wa huko uchukue kama wa muda, na mshahara wake ujenge kitu kingine.

Nizungumzie na ulinzi, maana ndiyo kazi ya kwanza utakayotajiwa. Watu wakisikia jeshi wanaona geti na rungu. Siidharau, kuna rafiki zangu wanalisha familia kwa kazi hiyo. Lakini mara nyingi malipo ni madogo, usiku ni mrefu, na ujuzi wako mwingine unakufa taratibu. Ukiingia huko, ingia kwa ngazi ya usimamizi: kupanga malindo, kufundisha walinzi, kuandika taarifa. Kama pori unalipenda, waulize jumuiya za hifadhi za wanyamapori kama ile ya Ipole kule Sikonge, ambako kujua kusoma nyayo na kutembea siku tatu na begi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hatua ya 5: Geuza ujuzi kuwa karatasi ya kiraia

Ulichojifunza kazini bila kukaa darasani kinaweza kutambuliwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa vitendo, ukifaulu unapata cheti. Tabora wapo, Kigoma wapo. Fundi magari, mchomeleaji, seremala, mwashi, mpishi, wote waulizie.

Fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA ili afunge mifumo ya umeme kihalali, na leseni hiyo ndiyo inayokutofautisha na kijana wa mtaani mwenye plaizi na tochi. Dereva ahakikishe leseni yake ya kiraia ina daraja la gari analotaka kuendesha. Kumiliki daraja la gari dogo hakukupi lori wala basi. Muuguzi asiache usajili wake kwenye baraza ukafa, kwani kuufufua ni kazi kuliko kuulipia. Na mtu wa ugavi aangalie masharti ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi.

Ukiamua kujiajiri, utahitaji namba ya mlipakodi kutoka TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, na kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kama utatumia jina lisilo lako.

Hatua ya 6: Jinsi ya kuomba na kusema

Ajira za serikali zinapita Ajira Portal. Soma tangazo mpaka chini: mengi huweka ukomo wa miaka 45. Kama umeshavuka, usipoteze mwaka ukiwania nafasi za kudumu. Tafuta za mkataba, za mashirika na za watu binafsi.

Kwenye usaili usisimame wima kama uko mbele ya mkuu wa kikosi. Kaa, mtazame anayeuliza, jibu kwa mfano wa kazi uliyofanya. Bosi wako anaweza kuwa binti wa miaka 28. Mwite dada au meneja kama wengine wanavyomwita, na umsikilize kikamilifu. Na ukipewa watu wa kuwaongoza, kumbuka kwamba raia anaweza kuvua aproni akaondoka saa nne asubuhi. Mimi nilipoteza vijana wawili hodari wa gereji kwa kuwafokea mbele ya wateja. Nilikuja kuwaomba radhi nyumbani kwao, mmoja alirudi.

Kwa kijana uliyemaliza JKT

Wewe huna kiinua mgongo wala pensheni, na najua ulitoka kambi ya Msange au Bulombora ukiamini utaitwa jeshini. Endelea kuomba. Lakini usikae kijiweni ukisubiri jina litoke, maana miaka inakwenda na umri wa kuajiriwa unakwenda nayo. Ulichojifunza kambini, iwe kilimo, ufugaji au ujenzi, kifuate mpaka kiwe cheti. Kampuni ya ulinzi ya SUMAJKT huchukua vijana waliopitia JKT. Na mkiwa kikundi, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne ni za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu.

Hatua ya 7: Jaribu siku tisini chini ya mtu mwingine

Chagua kazi moja kutoka kwenye daftari lako, kisha katafute anayeifanya tayari na umwombe ufanye kwake miezi mitatu. Kwa malipo kidogo, au kwa chakula na nauli tu. Unataka kufungua gereji? Shinda kwenye gereji ya mtu Kiloleni. Unataka kulisha shule? Amka saa kumi alfajiri na mpishi mwenye tenda. Zile pesa za miezi sita ulizotenga kwenye hatua ya tatu ndizo zinazokubeba kipindi hiki.

Kila jioni andika mambo matatu: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na kilichomkera mwenye biashara siku hiyo. Mteja aliyekopa na kupotea, spea feki, umeme uliokatika, mgambo wa halmashauri, mvua. Hayo hutayasikia kwa mtu anayekuuzia mashine.

Siku ya tisini fungua daftari na mwenzako mkiwa pamoja. Jumlisha kilichobaki kila mwezi, kisha kilinganishe na pengo lenu. Kikilifikia, au kikikaribia, na mwili wako bado unaitaka kazi hiyo, toa sehemu isiyozidi theluthi moja ya kiinua mgongo uanze nayo. Kisipofika, bado una pesa ya miezi mitatu. Rudi kwenye daftari, kazi ya pili kwenye orodha, na asubuhi ukabishe hodi kwenye gereji, ghala au jiko linalofuata.